Tumwandae Mwalimu Kabla ya Kujenga Maabara

*Mada iliyotolewa na mwanachama wetu, mkufunzi mstaafu wa chuo cha ualimu, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Lushoto waishio Dar es Salaam*

Ningetamani kuzungumza kwa Kisambaa, lakini naona vijana waliozaliwa Temeke na Ubungo wameanza kutazamana, kwa hiyo nitatumia lugha ya wote.

Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumzie elimu kwa dakika ishirini. Nikamwuliza, "Elimu ipi?" Akajibu, "Wewe ulikuwa unafundisha walimu, zungumza lolote." Mwalimu mstaafu hapewi ruhusa ya namna hiyo, mnaweza kulala hapa. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu: jinsi vijana wanaosomea ualimu wanavyoandaliwa kufundisha sayansi kwa watoto wa shule za msingi. Nimelichagua kwa sababu harambee ya leo ina pendekezo la kuchangia maabara ya sekondari. Sipingi maabara. Naomba tu tujiulize mtoto atakayeingia katika maabara hiyo atakuwa ameanza kufundishwa sayansi na nani, tangu alipokuwa darasa la tatu.

Maharage ya Lushoto

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana mzee asiyetaja kosa lake hana haki ya kutaja la mwenzake.

Miaka mingi iliyopita nilipanda milimani kwetu kuwakagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Niliketi nyuma ya darasa la watoto themanini na kitu, fomu ya tathmini mapajani. Binti aliyekuwa akifundisha alikuwa nadhifu, ubao wake umepangika, andalio la somo limekamilika. Somo lilikuwa joto. Akaandika: "Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100." Watoto wakaimba pamoja naye mara tatu.

Mtoto mmoja wa kiume, viatu vyake vimefungwa kwa kamba ya katani, akanyoosha kidole. Akasema, "Mwalimu, mbona maharage kwa shangazi yangu Tanga yanaiva haraka, na ya kwetu yanachukua kuni nyingi? Maji ya kwetu hayachemki sawasawa?"

Darasa likacheka. Binti yule akanitazama mimi, kisha akamwambia mtoto, "Hilo halimo kwenye somo la leo. Kaa chini." Mtoto akakaa. Nami nikaandika kwenye fomu: "Amedhibiti darasa vizuri." Nikampa alama za juu.

Ndugu zangu, mtoto yule alikuwa amesema kweli kuliko ubao. Lushoto mjini tuko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, na maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Pale Lushoto huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Yanatokota, mvuke unapanda, lakini hayana moto ule wa maji ya Tanga. Ndiyo maana maharage yanakawia na kuni zinakwisha. Mama zetu wanalijua hilo kwa mikono yao, na mtoto yule alilileta darasani bila kuitwa. Laiti tungekuwa na kipimajoto kimoja na sufuria, somo la siku ile wasingelisahau maisha yao yote.

Baadaye nilifanya jaribio hilo na wanachuo wengine hukohuko milimani. Kipimajoto kiliposimama kwenye 95, walisema kimeharibika. Tukatumia cha pili, nacho wakasema kibovu. Cha tatu ndicho kilichowanyamazisha. Vijana waliofaulu kidato cha nne waliona afadhali kukataa vipimajoto vitatu kuliko kukataa sentensi moja ya daftari. Siwalaumu wao. Sisi ndio tuliowafundisha hivyo.

Swali lililotoka Magamba

Wengine mtasema swali la mtoto ni la mtoto tu. Basi nawakumbusha habari iliyotokea kwetu.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, jirani kabisa na Lushoto mjini, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuacha yapoe, ndipo yaingie kwenye jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa inagombaniwa. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi akakuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake aliyeyaingiza bila kuyachemsha bado ni uji.

Akauliza kwa nini. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Likizo ilipofika, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba yeye naye huingiza ikiwa ya moto ili igande upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena na akafanyiwa dhihaka: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaifanya kichekesho. Siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Mpemba akanyanyuka akauliza tena, wenzake wakaona aibu kwa niaba ya shule. Lakini mgeni yule hakucheka. Aliahidi kujaribu, akajaribu kweli, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha matokeo yao katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na wanasayansi bado wanabishana juu yake: wapo wanaosema hutokea na kutafuta sababu, na wapo wanaosema vipimo havijathibitisha.

Sikiliza vizuri, Ndugu Mwenyekiti. Katika habari hii mwalimu aliyemnyamazisha Mpemba alikuwa na elimu yake na alijua kanuni zake. Alichokosa ni tabia ya kusema, "Sijui, twende tukajaribu." Tabia hiyo haiji yenyewe siku ya kupangiwa kituo cha kazi. Inafundishwa chuoni, au haifundishwi.

Methali yetu inasema kuuliza si ujinga. Tumeiandika kwenye kuta za shule nyingi. Sasa tuwaandae walimu watakaoiamini.

Mwalimu tarajali anahitaji nini?

Nataja mambo manne niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza, ashike mwenyewe. Kila mwaka niliwapa wanachuo wapya betri moja ya tochi, kipande kimoja cha waya na balbu moja ndogo. Nikawaambia: iwasheni. Wote walikuwa wamesoma umeme sekondari, wamechora saketi na kupata alama zao. Wengi walishindwa dakika kumi nzima. Waligusisha ncha ya chini ya balbu kwenye betri na kungoja. Hawakujua kuwa balbu ina sehemu mbili za kuguswa, ncha ile ya chini na ubavu wake wa chuma, na kwamba umeme lazima upate njia ya kwenda na ya kurudi. Ilipowaka, watu wazima walipiga kelele za furaha kama watoto wa darasa la nne. Fundi cherehani hafundishwi kwa kunakili mchoro wa cherehani. Mwalimu wa sayansi naye hawezi kupatikana kwa kunakili michoro.

Pili, ajue kuuliza na ajue kusubiri. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za masomo ya sayansi ya shule za msingi, na matokeo yake yakajulikana sana katika miaka ya 1970. Alikuta kuwa mwalimu wa kawaida akiuliza swali husubiri sekunde moja tu, au chini ya hapo, kisha hurudia swali, humtaja mtoto mwingine au hujibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kusubiri angalau sekunde tatu, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi walijibu, na wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Sekunde tatu hazinunuliwi dukani. Lakini nawaambia, kwa kijana anayefundisha kwa mara ya kwanza mbele ya mkaguzi, ukimya wa sekunde tatu ni mrefu kama barabara ya kutoka Mombo kwa miguu. Unahitaji mazoezi na mtu wa kukuambia, "Vumilia, anafikiri."

Tatu, lugha. Kijana wetu amesoma sayansi ya sekondari kwa Kiingereza. Chuoni anaandaliwa kwenda kufundisha kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya kijijini, na mtoto anayemkuta huko nyumbani anazungumza Kisambaa. Nimesikia mwanachuo akiwaambia watoto neno "usanisinuru" mara kumi, wakaliimba vizuri, lakini alipoulizwa maana yake alirudia neno lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Mwanachuo apewe muda wa kufanya kazi ya kutafsiri kichwani mwake kabla hajasimama mbele ya watoto: aeleze jambo lote kwa maneno ya nyumbani, kisha ndipo alitaje jina lake la kitaalamu.

Nne, ajue kusoma mazingira yaliyomzunguka. Muulize mtoto wa Lukozi kabeji inapata wapi chakula. Atasema kwenye udongo na mbolea. Kitabu kinasema mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hewa na maji. Mtoto anakariri, anajibu mtihani, na anarudi shambani akiamini kama mwanzo. Zaidi ya miaka 350 iliyopita, Jan Baptista van Helmont huko Ulaya alipanda mche kwenye chombo chenye udongo alioupima, akaumwagilia kwa miaka mitano. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, udongo ukapungua gramu 60 hivi tu. Yeye mwenyewe alikosea akadhani uzito wote umetokana na maji. Waliokuja baadaye ndio waliogundua sehemu ya hewa. Mwanachuo akiwa na habari kama hiyo, na ndoo moja, na mizani, hapo kabeji ya Lukozi inakuwa kitabu. Mbolea haipuuzwi: mtoto anaelewa kuwa ni kama chumvi na madini mmea unayohitaji, na wala si ugali wake.

Na kwetu vitabu vya namna hiyo ni vingi. Misitu yetu ya Usambara ina mimea na viumbe ambao asili yao ni katika milima hii ya Tao la Mashariki. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani lilichukuliwa huku kwetu mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake la kisayansi likatokana na ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902 kwa sababu waliona utajiri huo. Watafiti wanasafiri kutoka mbali kuja kuona kinyonga wetu, na mtoto wetu anampita njiani akienda kuchora kinyonga wa ubaoni.

Sayansi isiyoelezwa tunaijua madhara yake. Wazee waliopo hapa wanakumbuka au walisimuliwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini ilikuwa amri, kazi ngumu na faini, bila maelezo wala kusikilizwa, na watu wakakataa. Nisingependa darasa la sayansi liwe amri ya matuta.

Maswali mtakayoniuliza

Nimezungumza na baadhi yenu pale nje wakati wa chai, kwa hiyo maswali nayajua.

La kwanza: kuandaa walimu si kazi ya Serikali? Ni kazi ya Serikali, na inafanyika. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza ujuzi na vitendo kuliko kukariri. Lakini mtaala ni karatasi mpaka uingie mikononi mwa mtu. Mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hupelekwa katika shule zilezile za vijijini mwetu, hulala vijijini mwetu, na vifaa anavyovikuta ni vile tulivyoviweka sisi. Hapo ndipo jamii ina mkono wake. Zahanati ni ya Serikali pia, na bado mwaka juzi tulichangia magodoro.

La pili: tukiwaandaa si watapangiwa mikoa mingine? Wengine ndiyo, watakwenda Kigoma na Lindi. Watoto wa huko nao ni wa Tanzania. Nasi tunapokea walimu walioandaliwa kwingine. Ila vifaa vitabaki shuleni, na mwalimu mwenyeji atakayekuwa mlezi wa wanachuo atabaki pia. Mwalimu mlezi anayeona kila mwaka vijana wakija na majaribio mapya, naye hujifunza. Nimeshuhudia mwalimu wa karibu kustaafu akimwomba mwanachuo amwachie sumaku.

La tatu, na hili ni gumu: watoto themanini darasani watafanyaje majaribio? Sitawadanganya. Kwa watoto themanini mwalimu hawezi kufanya kila somo kwa vikundi. Lakini anaweza kufanya jaribio moja mbele yao, awaache kwanza watabiri kitakachotokea, watazame, kisha waeleze kwa nini utabiri umetimia au haukutimia. Kutabiri, kutazama, kueleza: hayo matatu hayahitaji maabara. Yanahitaji mwalimu aliyeyafanya yeye mwenyewe akiwa mwanachuo.

Na kuna wanaodhani nawadharau walimu wetu wa zamani. Hapana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka watoto wote wapate elimu ya msingi, walimu wengi walichukuliwa wakiwa wamemaliza darasa la saba na kuandaliwa wakiwa kazini. Nusu ya waliomo humu ukumbini walifundishwa kusoma na watu hao. Walitubeba kwa kidogo walichopewa. Ni aibu kwetu, tuliobebwa, tukimpa mwalimu wa leo kidogo kilekile.

Ninachoomba

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo matatu yaingie kwenye ajenda kabla hatujafunga kitabu cha ahadi.

Tuanze na shule tatu za msingi zinazopokea wanachuo. Kila moja tuipe sanduku la sayansi lenye kufuli: betri, balbu na waya, sumaku, lenzi za mkono, vipimajoto, mizani, mishumaa na bilauri. Si vitu vya kuagiza Ulaya. Vingi vinapatikana Kariakoo, na mizani mwanachuo anaweza kuitengeneza mwenyewe kwa ubao na makopo. Vikiharibika vibadilishwe, maana kifaa kisichovunjika ni kile kisichotumika.

Pili, tukarabati chumba kimoja katika kila shule hizo ili mwanachuo apate pa kulala. Binti anayetembea mwendo wa saa mbili kupanda mlima asubuhi, kisha akashuka jioni kwenye utelezi, hana nguvu ya kuandaa jaribio.

Tatu, tuwaombe wakufunzi wa vyuo vya ualimu vilivyo jirani, kama Korogwe, wakae siku chache na walimu walezi wa shule hizo kila mwaka kabla mazoezi hayajaanza. Mimi mwenyewe nitakwenda kwa nauli yangu. Magoti yanalalamika, lakini basi la Mombo linafika.

Maabara ya sekondari tuijenge, tena nzuri. Nasema tu tusijenge chumba cha kupokea watoto ambao swali lao lilizimwa darasa la nne. Sote tunajua ni watoto wangapi wa milima yetu wanaokata tamaa ya shule mapema na kuishia kwenye kazi za ndani na kuuza maduka ya watu mijini. Siwezi kusema sayansi peke yake ingewazuia. Ninachojua ni kwamba mtoto aliyewahi kuulizwa "wewe unadhani kwa nini?" na mtu mzima akasubiri jibu lake, hukaa shuleni kwa moyo tofauti.

Mtoto yule wa maharage sijui aliko. Kwa hesabu yangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na huenda yumo humu ndani. Kama upo, ndugu yangu, jibu lako ni hili: maji ya kwetu yanachemka sawasawa, lakini yanachemka mapema, kwa sababu tuko juu na hewa ni nyepesi. Ulikuwa sahihi kuuliza. Mimi niliyekuwa nimekaa nyuma na fomu ndiye niliyepaswa kusimama, na sikusimama. Mchango wangu wa leo kwenye masanduku hayo nauandika kwa ajili yako.

Mungu azibariki juhudi zetu, na aibariki milima yetu.